Nusu Nyota kwa Simba wa Tsavo

MHAKIKI: Anayetaka kuzungumza juu ya sinema karibu na Tsavo hawezi kuikwepa The Ghost and the Darkness, kwa hiyo nianze hapo. Filamu ilitoka mwaka 1996. Iliongozwa na Stephen Hopkins na kuandikwa na William Goldman, mwandishi ambaye tayari alikuwa na Oscar mbili kabatini. Ilikuwa na fedha, dola milioni 55 hivi, ilikuwa na Michael Douglas na Val Kilmer, na ilikuwa na kisa kisichohitaji kutiwa chumvi: simba wawili waliowatia kiwewe wajenzi wa daraja la reli kwenye mto Tsavo mwaka 1898. Pamoja na utajiri huo wote, ikaanguka. Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliipa nusu nyota kati ya nne na kuandika kwamba kando yake hata sinema za Tarzan zinaonekana kuwa na ukweli. Val Kilmer alitajwa miongoni mwa wawaniaji wa Razzie, tuzo ya kejeli inayotolewa kwa kazi mbovu, kwa uigizaji wake humu na katika filamu nyingine ya mwaka huohuo. Sababu hazikufichika. Remington, mwindaji Mmarekani anayeigizwa na Douglas, hakuwahi kuishi. Alibuniwa ili nyota mkubwa apate pa kusimama. Simba wa kwenye filamu wana manyoya marefu shingoni, ya kupigia picha za kalenda, ilhali wale wa 1898 hawakuwa nayo, kama ilivyo kwa madume wengi wa Tsavo hadi leo. Mandhari yenyewe ni ya Afrika Kusini. Na bado msimulizi anatuhakikishia mwanzoni kwamba hata vipande vigumu kuaminika vilitokea kweli. Nikisema filamu ni mbovu, simnyimi mtu ruhusa ya kuipenda. Ninachosema ni kwamba kuipenda hakuthibitishi lolote.

MUUZA MUVI: Kuthibitisha nini, dada? Kama ni kwamba Remington aliishi, nimekubali, na hakuna mteja anayenunua muvi ili akafanyie mtihani. Lakini kama swali ni iwapo muvi imefanya kazi iliyotengenezewa, basi aliyetetemeka amekwisha kujibu. Tazama pia huyo mhakiki wako alikuwa ameketi wapi. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, alizitandika ngozi zao kama mazulia kwa karibu miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuzia Field Museum kwa dola 5,000. Zilikuwa zimechakaa na kupunguzwa, ndiyo maana simba waliojazwa walitoka wadogo kuliko walivyokuwa hai. Makumbusho hayo yako Chicago, mji uleule wa gazeti la Ebert. Huko simba wa Tsavo ni kitu cha nyuma ya kioo. Unalipa, unamtazama, unakwenda kunywa soda. Hapa kwetu Mtito Andei lango la mbuga ya Tsavo Magharibi liko mjini kabisa, na Tsavo Mashariki haiko mbali. Hapa mbuzi hukosekana zizini na asubuhi nyayo zikaonekana mchangani. Mtazamaji wa hapa hahesabu manyoya ya shingo ya simba, anasikiliza nyasi. Na muvi hiyo imejengwa kwa nyasi na giza na sauti inayokuja kabla ya mnyama mwenyewe. Mwaka 1997, wahakiki wakiwa bado wanacheka, Bruce Stambler alipewa Oscar ya uhariri wa sauti kwa kazi hiyohiyo. Woga wa simba huanzia masikioni. Waliojua kusikiliza walisikia.

MHAKIKI: Oscar ya sauti ilitolewa kwa sauti. Haikutolewa kwa mazungumzo, wala kwa uigizaji wa Kilmer, wala kwa Remington. Sijawahi kudai kwamba filamu mbovu haina kiungo kizima hata kimoja. Mara nyingi viungo vizima ndivyo vinavyotusikitisha, maana vinaonyesha kilichowezekana. Halafu ndugu yangu, umenipa sababu za mtazamaji wa Mtito Andei kuogopa, hukunipa sababu za filamu kuwa nzuri. Mtu aishiye karibu na mbuga anaweza kuogopeshwa na kanda mbaya ya simba kwa sababu woga anao tayari. Filamu imeukuta, haikuujenga. Tutenganishe mambo mawili ambayo mashabiki huyakoroga pamoja. Liko la «nimeipenda», ambalo halina mjadala kwa sababu hakuna anayeweza kuukana moyo wako. Na liko la «imetengenezwa vizuri», ambalo lazima liwe na mjadala, la sivyo fundi stadi na mlipuaji wana haki sawa. Mtu anaweza kuupenda muthokoi ulioungua kwa sababu ni wa mamake. Mapenzi yake ni ya kweli, na muthokoi umeungua.

MUUZA MUVI: Nani ameshika sufuria na kusema umeungua? Hapo ndipo tunapogombana. Tusiende mbali, twende Kilungu, huku huku Makueni, alikozaliwa mwandishi David Maillu. Miaka ya sabini Maillu alianzisha kampuni ya vitabu ya Comb Books jijini Nairobi, akatoa My Dear Bottle mwaka 1973 na After 4.30 mwaka uliofuata, visa vya walevi na makarani na mabosi wao, kwa lugha ambayo mtu huiongea akiwa hajavaa tai. Wasomi wa vyuo vikuu walivikunjia nyuso. Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Wasomaji, wao, walivinunua na kupokezana mpaka vikatoka majalada, na wengi wao ni watu ambao hakuna riwaya nyingine iliyowahi kuwasemesha. Leo vyuo vilevile vinamfundisha Maillu kama sehemu ya historia ya fasihi ya Kenya. Au chukua Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya mwaka 1974: wenye vina na mizani waliona si ushairi kabisa, na sasa wanafunzi wanaichambua darasani. Ratili ambayo kila baada ya miaka kumi inatoa uzito tofauti kwa mzigo uleule, kwetu dukani hatuiiti ratili.

MHAKIKI: Mifano yako miwili inavutana, hebu iangalie vizuri. Maillu alikuwa na wasomaji akakosa wahakiki. Kezilahabi hakuwa kipenzi cha umati hata siku moja. Wasomaji wengi waliona Kichomi ni kitabu kigumu, na waliokinusuru ni wahakiki, waliokaa wakaeleza kwa nini shairi laweza kusimama bila vina. Kwa hiyo umetumia uhakiki kuushinda uhakiki. Na hata Maillu hakurudishwa chuoni kwa idadi ya nakala. Alirudishwa na watu walioandika hoja: kwamba alisema juu ya pombe, mishahara na tamaa za mjini mambo ambayo riwaya za heshima ziliyafunika. Hukumu ilibadilika kwa sababu zilizotajwa, zinazoweza kupingwa. Umati nao hubadilika, lakini haukwambii kwa nini. Simba hawahawa wa Tsavo waliwahi kutengenezewa filamu kabla ya Hopkins: Bwana Devil ya Arch Oboler, mwaka 1952, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa California. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi huko Marekani kutazamwa kwa miwani ya kuonyesha vitu kana kwamba vinaruka kutoka kwenye pazia. Wahakiki waliisaga. Watu wakapanga foleni, fedha zikamiminika, na studio kubwa zikakimbilia miwani hiyo mwaka uliofuata. Sasa niambie, nani anaitazama Bwana Devil leo kwa kisa chake? Wapenzi wake waliitupa pamoja na miwani. Kama wingi wa furaha ni hoja, basi ni hoja yenye maisha mafupi mno. Na tukiamua kwenda kwa hesabu, hata The Ghost and the Darkness haikunusurika: mapato yake ndani ya Marekani hayakufika dola milioni 40.

MWALIMU WA HISTORIA: Naomba niingie, kwa sababu nyote wawili mnabishana juu ya manyoya ya simba na mmewaruka maiti. Patterson alifika Tsavo Machi 1898. Simba wa kwanza aliuawa Desemba, wa pili kabla mwezi haujaisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 anahesabu wafanyakazi Wahindi 28 walioliwa, kisha anaongeza kwamba Waafrika nao walikufa kwa makumi, na kwamba hakuna rekodi rasmi iliyowekwa juu yao. Baadaye akataja jumla ya watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba waliliwa watu wapatao 35, ingawa makisio yao yenyewe yana mwanya mpana. Mwaka 2024 wengine wakapata, katika nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika, chembe za urithi za twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu na binadamu. Yaani sayansi ya leo inaweza kusoma chakula kilichokwama kwenye jino la simba kwa miaka 126, na daftari la reli halikuweza kuandika jina la mpagazi aliyekufa hatua chache kutoka kwenye hema la karani. Sasa, mheshimiwa mhakiki, orodha yako ya makosa nimeisikiliza yote: Remington, manyoya, Afrika Kusini, uigizaji. Hili halikuwamo. Filamu inawapa Wahindi msemaji mmoja, Abdullah, anayeigizwa na Om Puri, na waliobaki wote, Wahindi na Waafrika, ni umati wa kukimbia na kuliwa. Mhakiki anayekasirishwa na mwindaji wa kubuni kuliko watu wa kweli walioachwa bila majina anapima nini hasa? Na wewe ndugu muuzaji, unayesema watu wa hapa wanaipenda kwa sababu woga ni wao: woga wao uko wapi mle ndani? Ninaouona ni woga wa Patterson, na wa hapa wamepewa kazi ya kupiga mayowe.

MUUZA MUVI: Mwalimu, hilo limeingia, sitalikwepa. Ila usidhani mtazamaji anameza kila anachowekewa mdomoni. Anayesimulia muvi hiyo ni Samuel, Mwafrika, anayeigizwa na John Kani. Yeye ndiye anayeifungua na yeye ndiye anayeifunga. Mtazamaji wa hapa analiona hilo mapema kuliko mtu wa Chicago, kwa sababu tangu utoto amefundishwa na muvi kwamba Mwafrika wa kwenye hadithi ya Mzungu hufa dakika ya ishirini. Samuel hafi. Anayekufa ni Remington, yaani stelingi mwenyewe, sura kubwa kuliko zote kwenye bango. Katika mabanda ya video kutoka hapa hadi Dar es Salaam kuna sheria moja inayojulikana hata na mtoto: stelingi hafi. Watu wamekaa wakijua Douglas atafika mwisho, na asubuhi moja anakutwa ameliwa. Kisha yuko Mahina, yule jitu la nguvu anayekokotwa kutoka hemani usiku. Ameigizwa na Henry Cele, ambaye kwa watu wengi wa bara hili ni Shaka, tangu ile tamthilia ya 1986. Kwa mhakiki wa ng'ambo Mahina ni mfanyakazi mmoja mrefu aliyekufa mapema. Huku simba amemla Shaka Zulu, basi nani amesalia wa kutuokoa? Hicho kitisho hakimo kwenye nyota za Ebert kwa sababu hakuwa na kumbukumbu ya kukipokelea. Halafu ongeza wasimulizi wetu. DJ Afro anapoichukua muvi ya kigeni akaitia Kiswahili chake, akawabatiza majambazi majina ya mtaani, akamcheka Mzungu anayejifanya shujaa, ile muvi si mali ya mwongozaji peke yake tena. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Muvi ambayo Ulaya imekufa, huku inafufuliwa na mdomo.

MHAKIKI: Nimekusubiri ufike hapo. Ulichofanya sasa hivi kina jina, kinaitwa uhakiki. Umetaja nani anasimulia, umetaja kanuni ya stelingi na jinsi filamu inavyoivunja, umeeleza uteuzi wa mwigizaji unavyobeba kumbukumbu ya kazi yake ya zamani. Hizo ni sababu, naweza kuzikagua, na nyingine zina nguvu kuliko nilivyotarajia. Kifo cha Remington, kwa mfano, nilikuwa nimekihesabu kama uzembe wa uandishi. Kwa hadhira uliyoieleza ni pigo lililopangwa. Mwalimu naye amenikamata: orodha yangu niliirithi kutoka kwa watu waliokuwa wakijiuliza kama filamu inafanana na maisha ya Patterson, na sikujiuliza maisha ya nani. Lakini ukishaingia uwanja wa sababu, ndugu yangu, huwezi kutoka kila unapozidiwa na kukimbilia «sisi tunafurahi». Kwa DJ Afro, kwa mfano, unasifu kazi ya nani? Kama kinachowafurahisha watu ni ulimi wake, basi filamu iliyo chini inaweza kuwa kitu chochote, na kweli mara nyingi ni kitu chochote. Huo ni ushahidi wa ubora wa msimulizi. Hautetei filamu.

Na ipo furaha nyingine ambayo mashabiki wa filamu zilizolaaniwa hawapendi kuizungumzia, furaha ya kudharau. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, huko Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? Bunduki za mabomba na vyuma chakavu, helikopta ya kompyuta, damu ya rangi, na VJ Emmie akipiga kelele juu ya kila risasi. Jirani zake waliitazama kama muvi ya mapigano, wakashangilia kwa sababu wanaopigana ni wa kwao. Mamilioni ya watu wa nchi za mbali waliitazama kwenye intaneti, na sehemu yao walishangilia kwa sababu waliona kichekesho: Waafrika wakijaribu kutengeneza Rambo. Wote walifurahi. Ukiwa na furaha tu mkononi, utawatenganishaje hao wawili? Mimi ninaweza, kwa sababu naweza kusema kanda ile imekatwa kwa kasi inayojua inachofanya, na kwamba mzaha wake unatoka ndani, umewekwa na wenyewe. Anayependa kitu kwa ubovu wake hajakitendea haki kuliko mimi ninayekilaumu. Mimi angalau nimekichukulia kuwa kazi.

MUUZA MUVI: Sawa, nibaki uwanjani. Nikubaliane kwamba sababu ni lazima, kisha nikuulize nyota ni za nini. Nusu nyota ya Ebert ilikuwa inajibu swali la mtu aliyeshika gazeti Ijumaa, ana fedha ya tiketi moja, na mjini kwake kuna muvi kumi zinaonyeshwa: niende ipi? Ni ushauri wa ununuzi, na kwa mtu huyo ulikuwa ushauri mzuri. Mtito Andei haina jumba la sinema. Mtu wa hapa hukutana na muvi kwenye flashi, ambapo muvi moja ina bei ya chini kuliko chapati, au kwenye banda, au ndani ya basi la Mombasa ambamo aliyechagua ni utingo na abiria hana njia ya kutoka. Hakuna anayeuliza aende ipi. Swali ni nini mtu atafanya na hiki kilichowekwa mbele yake: atakicheka, atakitafsiri, atalala, ataamka kwenye kipande kizuri. Kipande kizuri kimoja ndani ya muvi mbovu ni faida tupu kwa mtu ambaye hakupoteza Ijumaa yake. Kwa hiyo wahakiki hawakukosea na watu wa hapa hawakukosea. Mlijibu swali ambalo halikuulizwa huku, kisha mkashangaa kwa nini hatunyamazi.

Na ninyi wahakiki husema filamu za ovyo zinaharibu jicho. Basi tazama muvi za Kenya ambazo ninyi wenyewe mmezisifu. Nairobi Half Life ya 2012, iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar: shujaa wake, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza kanda za mapigano na kuwaigizia wateja vipande vyake, mtu wa kazi yangu hasa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018: mtoto mgonjwa anayeishi kwa ndoto za mashujaa wa kuruka angani, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea muvi yake. Zote mbili zimezaliwa na mapenzi ya muvi ambazo hamkuzipa nyota mbili. Ungewanyang'anya watoto hao vipenzi vyao vya ovyo, ungebaki na waongozaji wa namna gani?

MHAKIKI: Ningebaki na waongozaji wachache, hilo nakupa. Lakini tazama walichofanya na mapenzi hayo. Nairobi Half Life haikurudia kanda alizouza Mwas. Imempeleka Nairobi ikamwonyesha bunduki ya kweli ina bei gani. Supa Modo inajua kwamba mtoto hataruka, na hapo ndipo inapouma. Mtu alikaa akachuja. Alisema: hiki nilikipenda na ni uongo, hiki nilikipenda na kinaweza kubeba uzito. Bila mchujo huo Kenya ingekuwa na Commando ya pili, kanda ya mapigano yenye silaha duni zaidi. Na kuhusu utingo, samahani, hoja yako inamfanya mtazamaji wa Makueni kuwa mtu wa kupokea makombo kwa furaha. Asiyeweza kuchagua leo anastahili zaidi kuambiwa kipi kizuri kuliko yule wa Chicago, maana siku atakapochagua hatakuwa na cha kulinganishia. Reli mpya imepita hapa, simu zimejaa, flashi yako yenyewe ina muvi mia. Swali la «niende ipi» limekwisha kufika Mtito Andei. Ninyi wauzaji ndio mnalijibu kila siku, mkipanga ipi iwe juu ya orodha, ila hamtii sahihi.

MUUZA MUVI: Natia sahihi kila mteja anaporudi. Akirudi amekasirika, ile muvi inashuka.

MWALIMU WA HISTORIA: Basi niwape muvi ambayo haipo, tuone sahihi zenu. Tuseme vijana wa hapa wanatengeneza ya kwao juu ya mwaka 1898. Wana simu mbili na mwanga wa jua. Wanazungumza Kikamba na Kiswahili. Patterson anaonekana kwa mbali tu, kofia inayopita. Kisa ni cha wapagazi wasioandikwa: walitoka wapi, nani alikwenda kwao kusema fulani hatarudi, familia ilipewa nini. Ni swali la leo pia, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na foleni ya madai ni ndefu kuliko subira ya mjane. Simba haonekani hata mara moja, maana hawana fedha ya simba. Sauti inakwaruza. Dakika arobaini za kwanza ni watu kuketi na kusubiri. Mhakiki, utaandika nini?

MHAKIKI: Nitaandika kwamba sauti inakwaruza. Nitaliandika katika aya ya kwanza, kwa sababu hadithi ya simba asiyeonekana inaishi kwa sauti, na wao wameiharibu palepale ilipotegemewa. Kisha nitaandika aya sita juu ya ile kofia inayopita.

MWALIMU WA HISTORIA: Na atakayeisoma aya ya kwanza pekee?

MHAKIKI: Atakuwa amesoma ukweli. Ukitaka nimfiche ubovu wa sauti kwa sababu ya wema wa kisa, nitakuwa nimewatendea vijana hao alichotendewa Nabwana na wale waliomshangilia kwa dharau. Sitawapa nyota za kuwapapasa kichwa.

MWALIMU WA HISTORIA: Ndugu muuzaji?

MUUZA MUVI: Nitaiweka kwenye flashi ya bure, nyuma ya muvi ya DJ Afro, ili mtu aikute bila kuitafuta. Dakika arobaini za kusubiri bila simba, mwalimu, ni nyingi. Watu watasogeza mbele. Nitawaambia vijana wazikate ziwe kumi. Na ile sauti, dada, usiichanganye na umaskini wao: wamletee mtu mwenye ulimi, asimame juu yake asimulie, mkwaruzo hautasikika.

MWALIMU WA HISTORIA: Mkizikata zikawa kumi, mmekata kusubiri. Na kusubiri ndiko kisa chenyewe.

MUUZA MUVI: Basi ziwe kumi na tano, lakini simba angurume mara moja.

MHAKIKI: Mara moja, mbali, na asionekane. Hapo hata mimi sina neno.

MWALIMU WA HISTORIA: Mmekwisha kuwatengenezea muvi yenu, na wao hawajashika hata simu.